UZI: Dashibodi yote kijani, karani wa Changamwe analia. Nani mwongo?

#1 FundiWaMakupa
Salaam wadau. Nina jambo lanikosesha usingizi wiki ya tatu sasa.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, jina niachieni. Mfumo wetu wa kufuatilia makontena ulikuwa kwenye seva mbili ofisini Shimanzi, hapa Mombasa, chumba kidogo chenye kiyoyozi kinachodondosha maji mpaka tukawekea ndoo. Mwaka huu wakubwa wakaamua tuhamie kwenye wingu, yaani seva za kukodi kwa mtandao. Tumehama kwa mafungu: kwanza kurasa za wateja, halafu programu yenyewe, halafu hifadhidata kubwa. Mashine ziko Ireland.

Dashibodi yangu, ile skrini ya kuonyesha hali ya seva, iko kijani. Prosesa asilimia 30, kumbukumbu ya kutosha, wastani wa majibu sekunde 1.2. Lakini kila siku napigiwa simu kutoka yadi ya Changamwe: "Mfumo umelala."

Jana nikaenda mwenyewe. Karani akaandika namba ya kontena, akabonyeza, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Akainuka, akafungua dirisha, akamwambia dereva wa trela asogee ampishe mwenzake, wakajibizana kidogo, akarudi, akaketi. Kiduara chazunguka tu. Nilihesabu kwa saa ya mkononi: sekunde 21. Palepale nikafungua dashibodi kwa simu. Kijani tupu.

Nani mwongo hapa, dashibodi au macho yangu?

#2 Ngamia_Mishomoroni
Mimi nakaa mbele na kahawa na kaimati. Endeleeni.

#3 seva_moto
Hakuna mwongo, ni huo wastani. Piga hesabu: maombi 100, 95 yajibiwa kwa sekunde 0.3, matano yachukua sekunde 20. Wastani hautimii hata 1.3. Ukiuona wasema alhamdulillahi, kumbe kuna watu watano wanasaga meno. Na kama wote watano wako Changamwe, kwao huo mfumo umekufa.

Achana na wastani. Tazama pasentaili ya 95 na ya 99, yaani muda ambao maombi 95 au 99 kati ya 100 hayauzidi, halafu uzigawe kwa ofisi: Shimanzi peke yake, Changamwe peke yake, Nairobi peke yake. Ukizichanganya utapikiwa pilau, mchele hujui ulitoka gunia lipi.

#4 Mwana_Kibokoni
Mbona mwazunguka? Jibu liko kwenye posti ya kwanza: IRELAND. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka hapa mpaka kule ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa njia ya ndege. Hata ungevuta waya ulionyooka kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 na ushee. Na nyaya hazinyooki, zazunguka Bahari ya Shamu huko. Karani wako yuko Changamwe, jibu lake laenda Ulaya na kurudi. Hakuna Afrika nzima mahali pa kuweka mashine?

#5 Mhakiki
@Mwana_Kibokoni pako, na si leo. Microsoft walifungua Afrika Kusini mwaka 2019, AWS (wingu la Amazon) wakafungua Cape Town 2020, Google wakafungua Johannesburg 2024. Kwa hiyo swali la kwa nini Ireland ni halali, aliulize kwa mhasibu wao. Ulaya mara nyingi ni rahisi kwa bei.

Lakini umbali peke yake haumalizi hii hesabu. @FundiWaMakupa pingi yako (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi) kutoka Shimanzi ni ngapi?

#6 FundiWaMakupa
Shukran kwa majibu. Pingi ni milisekunde 158, 160, siku mbaya 175.

#7 Mhakiki
Basi gawanya. Sekunde 21 ni milisekunde 21,000. Zigawe kwa 160, wapata kama mara 131. Hakuna safari moja ya sekunde 21. Kuna kitu kinakwenda na kurudi mara mia na zaidi. Kitafute hicho.

#8 seva_moto
Hapo Mhakiki umepiga penyewe. Hiyo ni programu yenye mdomo mrefu. Yauliza hifadhidata swali moja, yapata orodha ya mizigo, halafu kwa kila mzigo yarudi kuuliza tena: huyu mteja nani, huyu ushuru wake ngapi, huyu kalipa? Seva zikiwa chumba kimoja kila swali ni nusu milisekunde, maswali 140 yaisha kabla hujapepesa jicho. Zitenganishe kwa milisekunde 160, maswali yaleyale 140 ni sekunde 22 na nukta. Kodi ya programu haikubadilika hata herufi moja, masafa ndiyo yaliyobadilika.

Swali kwako fundi, na ujibu kwa ukweli: kuna hifadhidata yoyote mliyoiacha Shimanzi?

#9 FundiWaMakupa
...Ipo moja. Ile ya viwango vya gharama za kuhifadhi makontena. Imefungamana na programu ya uhasibu ya zamani ambayo hakuna mtu anayethubutu kuigusa. Tulisema tutaihamisha "baadaye".

#10 Ngamia_Mishomoroni
😂😂 Umehama nyumba, jiko umeliacha kwa jirani. Kila ukitaka kukaanga yai wavuka Likoni na sufuria mkononi.

#11 Mwana_Kibokoni
Na feri imeharibika.

#12 FundiWaMakupa
Chekeni tu. Lakini nimefungua logi (rekodi za maombi) za hiyo hifadhidata ya viwango: ukurasa mmoja wa kutafuta kontena waiuliza mara 25. Mara 160 ni sekunde 4. Nne, si ishirini na moja. Zile 17 nyingine ziko wapi?

#13 BiKaunta
Hamjambo. Mimi si fundi, ni karani, kampuni nyingine ila kazi ni ileile. Kwetu pia tulihamishiwa mfumo mwaka juzi. Nataka niwaambie kitu ambacho nyinyi mafundi hamuulizi.

Mfumo wa zamani ulikuwa mzito pia. Lakini uzito wake tuliuzoea. Wajua ukibonyeza hapa, unywe funda moja la chai, ukiweka kikombe chini jibu limefika. Huu mpya mara waruka, mara walala. Sasa mtu akiona umelala anabonyeza tena. Na tena. Mimi nimewahi kubonyeza mara sita, foleni iko nje na mwenye mzigo amenisimamia kichwani ananukia jasho la tangu alfajiri. Baadaye fundi akaja kuniambia ati sisi ndio tunaoua mfumo kwa kubonyeza. Nikamuuliza, kwani wewe ulikuja kukaa hapa siku moja?

Na jingine. Namba ya kontena ni ndefu. Kwenye mfumo wetu mpya kila ukiandika herufi moja, chini kunajitokeza orodha ya kubahatisha. Hatuihitaji! Namba iko kwenye karatasi mbele yangu.

#14 seva_moto
Bi, posti yako ni dhahabu. Hiyo ya mwisho nyote mmeisoma au mmeipita?

Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, jumla 11. Kama kisanduku cha kutafutia chatuma ombi kwa kila herufi, karani hajabonyeza "Tafuta" na ameshatuma maombi 11. Kwenye seva ya chumba cha pili huwezi kujua. Na dashibodi yahesabu yale maombi madogo ya kubahatisha kama maombi halali yaliyojibiwa haraka, ndiyo maana wastani wako ni mzuri! Yale mepesi yanayafunika yale mazito.

#15 FundiWaMakupa
Wallahi. Nimeangalia. Yetu yaanza kutuma herufi ya tatu. Maombi 9 kwa kila kontena. Ile sekunde 1.2 niliyokuwa nikiwaonyesha wakubwa ni upuuzi.

#16 NahodhaMstaafu
Wanangu, nawasoma tangu jana. Niliwahi kusimamia mambo ya kompyuta kabla nyinyi hamjazaliwa, wakati huo tepu zabebwa kwa mkokoteni. Wasema mfumo ni mzito. Mzito kuliko nini? Kabla ya kuhama mlipima? Karani wa Changamwe alikuwa akingoja sekunde ngapi mwaka jana mwezi kama huu?

#17 FundiWaMakupa
Mzee shikamoo. Hatukupima. Tulipima seva tu, prosesa na diski.

#18 NahodhaMstaafu
Marahaba. Basi ndiyo hapo. Hata mkitengeneza hamtajua kama mmetengeneza. Seva ya zamani imezimwa?

#19 FundiWaMakupa
Bado iko. Yatumikia hiyo hifadhidata ya viwango.

#20 NahodhaMstaafu
Iwasheni programu ya zamani siku moja, nakala ya data, karani atafute makontena hamsini, andikeni muda. Kuchelewa si kukosa.

#21 KebenaTudor
Nimechelewa, ila nina kesi. Tulihamisha mfumo wa hoteli moja pwani ya kaskazini. Asubuhi mfumo waruka kama swala, ikifika katikati ya asubuhi wazama. Kila siku. Tukalaumu mtandao, tukabadilisha hata rauta. Kumbe diski. Kuna diski za wingu zinazokupa kasi kwa mkopo. Sijui wewe uko kwa nani, lakini kwa mfano kwa AWS ile aina ya gp2 hukupa operesheni 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti. Diski ya gigabaiti 200 haki yake ni 600 tu. Wakati wa haraka yaweza kupanda mpaka 3,000, lakini yakopa kwenye akiba. Ukiisukuma mpaka mwisho, akiba yaisha kwa dakika 37 hivi. Baada ya hapo warudi kwenye 600 zako na kilio. Aina ya gp3 huanzia 3,000 bila kujali ukubwa. Tulibadilisha, kesi ikaisha.

Angalia grafu ya akiba ya diski. Prosesa haitakwambia, itakaa pale asilimia 30 inakungojea diski.

Wenu wazama saa ngapi?

#22 FundiWaMakupa
Ndio kitu cha ajabu. Karani wa Changamwe ana daftari, lile kaunta buku la jalada jeusi, anaandika kila mara mfumo ukilala. Nimelipiga picha: 4:15, 4:40, 5:05, 5:10, 5:30. Nimepitia logi za saa hizo, hakuna kitu. Hata ombi moja kutoka Changamwe hakuna. Mwenzangu akasema labda ni alasiri, akaangalia 16:15, nako kimya, yadi wameshaanza kufunga hesabu.

#23 BiKaunta
Subiri kidogo. Karani ni mtu wa hapa?

#24 FundiWaMakupa
Wa Jomvu. Kwa nini?

#25 BiKaunta
Mwanangu. 4:15 ni SAA NNE NA ROBO ASUBUHI.

#26 Ngamia_Mishomoroni
😂😂😂😂 Nimemwaga kahawa. Fundi, watoka wapi wewe?

#27 Mhakiki
Na si hilo tu. Seva za wingu kwa kawaida huandika logi kwa UTC, saa za kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa 3. Saa nne na robo ya karani ni 10:15 kwenye ukuta wa ofisi na 07:15 kwenye logi. Wewe ulifungua 04:15 ya logi, ambayo hapa ni saa moja na robo asubuhi. Yadi imefungwa, karani yuko kwenye matatu. Ungekuta nini?

#28 FundiWaMakupa
Nimezaliwa Ziwa la Ng'ombe, nimekulia hapahapa, sina la kujitetea. Wiki mbili nzima nimekuwa nikipekua saa ambayo hata muadhini alikuwa amerudi kulala.

Nimefungua 07:15 mpaka 08:30 za logi. Picha ni nyingine kabisa. Changamwe, pasentaili ya 95: sekunde 9. Na akiba ya diski imeshuka karibu na sifuri siku mbili kati ya tano. KebenaTudor una haki ya nusu.

#29 KebenaTudor
Nusu haki naipokea.

#30 seva_moto
Bado. Seva yasema 9, wewe ulihesabu 21. Seva huanza kuhesabu ombi likiingia mlangoni kwake na kuacha likitoka. Kilichotokea njiani na ndani ya ile kompyuta ya karani haikioni. Weka kipimo kwenye kivinjari chenyewe, kijiskripti kinachorekodi tangu karani abonyeze mpaka jibu lichorwe kwenye skrini. OpenTelemetry, mradi wa bure wa zana za vipimo, wanayo ya kivinjari, zipo na za kulipia. Google wana viwango vyao vya kurasa: kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukibonyeza ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, kwa robo tatu ya matembeleo. Wewe huko hujafika hata mtaa wake.

#31 WakiliWaMezani
Kabla hamjaweka vijiskripti: kuna vinavyorekodi skrini nzima, majina ya wateja na namba zao za simu humohumo, na kuzituma nje. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ni ya 2019, si mapambo. Pimeni muda, msipime watu.

#32 KebenaTudor
Na msipakie vitatu vinne. Nimeona kompyuta ya kaunta imewekewa vipimo vingi mpaka vipimo ndivyo vinavyoilemea.

#33 Mwana_Kibokoni
Mimi bado niko kwenye nyaya. Mmesahau mwaka 2023 nyaya zilipokatika Afrika Mashariki nzima ikazima?

#34 Mhakiki
2024. Mwezi wa pili zilikatika kadhaa kwenye Bahari ya Shamu, halafu tarehe 12 Mei nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika pamoja upande wa Afrika Kusini. Na haikuzima, ilizorota. Waya mwingine, TEAMS, ulikuwepo.

#35 Mwana_Kibokoni
Haya, 2024. Hoja yangu ni ileile. Nyaya zote hizo zaibukia hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, halafu wa Nairobi ndio wanaojiita mji wa mtandao. Sisi twalinda mlango tu.

#36 NakuruMpakaNyali
Wa bara tumefika. Mlango mnaulinda mkiwa mmelala kwenye mkeka.

#37 Ngamia_Mishomoroni
Mkeka wenye mahamri na mbaazi. Nyinyi amkeni saa kumi mkapande matatu.

#38 Msimamizi
Turudi kwenye mada.

#39 DerevaWaTrela
Mimi napeleka makontena hapo Changamwe, labda hata ni hiyo yadi. Niwaulize, zile kamera mpya pale getini zatumia mtandao gani? Maana tangu zifungwe ndipo foleni imeanza. Kabla ya kamera nilikuwa natoka saa tano, sasa ni adhuhuri.

#40 seva_moto
Uwii.

#41 FundiWaMakupa
Kamera 8, zilifungwa wiki ileile tuliyohamisha programu. Zatuma picha kwenye hifadhi ya nje. Laini ni ileile moja. Hakuna aliyeniambia, zilikuja na watu wa ulinzi.

Jumamosi naenda na saa ya kusimamisha.

#42 FundiWaMakupa
Ripoti. Jumamosi, saa nne na nusu (ndio, asubuhi, 07:30 ya logi, nimeandika zote mbili).

Kamera zikiwa zawaka, kompyuta ya karani: sekunde 19.
Kompyuta hiyohiyo, data ya simu yangu badala ya laini ya ofisi: 12.
Kamera zimezimwa, laini ya ofisi: 8.

Nikafurahi, nikanunua viazi karai vya watu wote. Jumatatu tukaacha kamera zimezimwa kwa ruhusa ya mlinzi mkuu. Saa nne na robo: sekunde 18.

#43 KebenaTudor
Jumamosi watu wachache, diski haikuchoka. Jumatatu imechoka. Nirudishieni ile nusu yangu nyingine.

#44 seva_moto
Au Jumatatu Nairobi wanaitoa ile ripoti ya wiki, wanafunga majedwali na Changamwe wanangoja. Angalia kufuli za hifadhidata kabla hujanunua diski.

#45 Mwana_Kibokoni
Ireland.

#46 NahodhaMstaafu
Ile programu ya zamani mmeiwasha mkapima?

#47 FundiWaMakupa
Alhamisi inshallah mzee. Kisanduku cha kutafutia nimeshakizuia, sasa chatuma mara moja mtu akibonyeza, na kitufe kinajifunga mpaka jibu lirudi. Diski tumeomba kibali cha kubadilisha, bado kiko mezani kwa mtu. Hifadhidata ya viwango bado iko Shimanzi. Ripoti ya Nairobi nimewaulizia, wasema wao hawatoi ripoti yoyote asubuhi, na logi zasema wanatoa.

#48 BiKaunta
Karani mwenyewe anasemaje?

#49 FundiWaMakupa
Leo nimempigia. Amesema tangu kitufe kianze kujifunga anaona afadhali, ila hajui kama ni mfumo au ni yeye ameacha kubonyeza. Na ameniomba nikija Alhamisi nimletee daftari jingine, lile limejaa.